Maji Hula Nyekundu Kwanza

Alfajiri, Msimbati, kwa mwanga wa tochi,
napaka grisi kijimpira cha kasha la kamera.
Unywele mmoja ukilala hapo,
chembe moja ya mchanga wa Ruvula,
mshahara wa miezi kumi na minane unakunywa chumvi.
Mfaume Likwata ananitazama, anacheka:
"Ungekuwa unambembeleza hivyo mkeo."
Sina mke. Nina lenzi mbili, na moja ina ukungu.

Tukajiangusha kwa mgongo kutoka boti ya faiba.
Mita tatu: rangi zote zipo, kama vitenge dukani.
Mita sita: nyekundu inaanza kuaga.
Mita kumi na mbili: imeshakwenda.
Maji hula nyekundu kwanza,
halafu ya chungwa, halafu manjano,
kama mtoto achaguaye nyama kwenye mchuzi
akakuachia wewe sahani ya buluu.

Pono wanatafuna mwamba, nasikia meno yao.
Chafi wamepita, kundi zima,
wakageuka pamoja bila amri ya mtu.
Mfaume kanyoosha kidole: pale,
kwenye kovu la baruti ya zamani,
matumbawe yamelala vigae vigae kama siku ya ugomvi wa jikoni,
na katikati ya vigae, jicho.

Jicho tu.
Mlangoni kwake magamba ya kaa, yametupwa ovyo
kama kwa mtu asiye na jirani wa kumsengenya.
Pweza.

Kanuni ya kwanza ya kuzamia: usizuie pumzi.
Kanuni ya kwanza ya pweza: pumua, nami niondoke.
Nikapumua kidogo kidogo, kiwiziwizi,
kama apitaye mbele ya duka analodaiwa.
Nikashika jiwe nisiyumbe; jiwe likanikata.
Damu ikatoka, ya kijani.
Niliitazama ikipanda, moshi wa majani mabichi,
nikajiuliza ni ya nani.

Akasogea.
Akanyoosha mkono mmoja, ule wa kuulizia,
akagusa kioo, akaonja.
Nikabonyeza. Fleshi ikapasuka,
na kwa kipande cha sekunde nyekundu ikarudi kwao:
pweza mzima, mwekundu kama ndani ya mdomo,
na nyuma yake ukuta wa sponji
ambao tangu uumbwe haujajua una rangi gani.
Kisha kijivu. Kisha wingu la wino
na shimo lisilo na mtu.

Mchana, shangazi Somoe amekalia ndoo iliyopinduliwa.
Miaka arobaini anawatoa mwambani
kwa mchokoo, maji yakikupwa.
Nikampa kamera. Akaileta mpaka puani.
Nilidhani atauliza kilo ngapi.
Alinyamaza muda wa kumenya muhogo, kisha:
"Kumbe hunitazama hivi."

Akataka kumsogeza karibu. Kidole gumba,
kingali na utelezi wa kazi ya asubuhi,
kikabonyeza hapa, kikabonyeza pale,
na kwenye kitufe chenye pipa la taka
kikabonyeza mara mbili.

Weusi. Kisha picha iliyotangulia:
kisigino cha Mfaume na mapovu.

"Kaenda wapi?"
"Umemfuta, shangazi."
Akairudisha kamera kwa mikono miwili,
kama mtu arudishaye mtoto wa watu aliyelala.
"Basi kapona," akasema. "Leo mara mbili."
Akageukia wa kwake, akaendelea kumponda juu ya jiwe,
taratibu kidogo kuliko kwanza.

Jioni nilifungua kasha, nikalisuuza kwa maji ya kisima.
Kidonda kikafunguka.
Nikakiacha kidondoke kwenye beseni jeupe,
tone, tone,
niione.