Mzinga wa Tatu

Kazi yangu ni zizini,
huku Kentaki shambani,
na farasi wa thamani
wanaojua kupewa.

Bwana Harlan, fundi bomba,
alikuja kuniomba:
"Vita vya kale, vya pamba,
kila mwaka hurudiwa.

Safari hii twataka
askari waliotoka
utumwani wakashika
panga, wakaogopewa.

Wewe farasi wajua,
rangi yako yatufaa,
koti la buluu pia
lipo, limeshafuliwa."

Nikacheka, nikawaza:
rangi iliyonikwaza
leo inanitangaza,
na tandiko ninapewa.

Hakuuliza nyumbani
Fizi niliona nini;
wala kwangu mdomoni
jambo halikutolewa.

Nikapewa jike, jina
Tumbaku; tufaha sana
hupenda, na huliona
hata akishafichiwa.

Harlan akatupa zamu:
nani afe, nani damu
apake, nani hatamu
ashike, nani kufiwa.

Mimi nife mara moja:
mizinga miwili ngoja,
wa tatu, chini nakuja
kama aliyeuawa.

Kilimani familia
viti wamekunjulia,
bisi, soda, hata bia;
vita vinasubiriwa.

Etabo wangu, kijana
wa hapa, hajapaona
kwetu; simu kaibana,
nife nikiangaliwa.

Tarumbeta. Tukatoka.
Udongo ukatimka,
jasho lake likanuka
kama ngozi ya kulowa.

Mzinga wa kwanza: nasi
twapiga kelele, kasi;
wa pili: moshi mwepesi,
mweupe kama maziwa.

Wa tatu sikusikia.
Mwili ulitangulia:
chini nikajibwagia
kabla ya kuamriwa,

uso ndani ya majani,
mikono yote shingoni,
magoti juu tumboni,
kama nilivyolelewa.

Nyasi zikanuka Fizi,
moshi, mihogo, mizizi,
na sauti, wazi wazi,
ikisema: "Hawa, hawa."

Tumbaku hana habari
ya vita wala ya shari;
alirudi kwa hiari,
tufaha lake kupewa.

Pua yake ikagusa
kisogo, ikaninusa;
watu wakacheka: sasa
maiti anachekewa!

Vita vikaisha. Wafu
tukainuka kwa safu,
koti zetu si nadhifu,
mkate tukagawiwa.

Harlan akaja: "Rafiki,
nimekufa mara laki,
lakini hivyo sifiki;
wapi ulifundishiwa?"

Etabo yupo, na simu,
anarudia sehemu
ile, acheka; ni tamu
babaye akibusiwa.

Nikajibu: "Ni farasi
aliyenifunza." Basi.
Harlan akacheka, nasi
tukaendea kahawa.

Usiku nikasimama
zizini. Mkono, kama
si wangu, ukitetema;
tufaha likachelewa.

Tumbaku akasubiri,
hakuniuliza siri,
akalila kwa hadhari,
vidole visije liwa.