Behewa la Tatu

Kichwa cha treni hakituhitaji.
Kimepigwa picha kama bwana harusi:
moshi wima, shaba inang'aa,
namba inasomeka hata na mwenye mtoto wa jicho.
Sisi wa Alhamisi, juu ya duka la viatu mjini Carlisle,
tunaanzia pale wengine wanapokomea.

"La kwanza, mizigo," asema Oswin Tallentire,
kioo cha kukuzia kimembana jichoni.
Miaka arobaini alipaka mabehewa rangi
na bado anayajua kwa migongo,
kama kinyozi ajuavyo visogo.
"La pili, daraja la tatu. Hesabu matundu ya hewa paani.
Saba? Hesabu tena. Moshi umekula mawili."

Ndiyo kazi yetu.
Paa likijikunja mwishoni ni la karakana hii,
likikatika ghafla ni la ile;
ubavu wa mbao umri wake hauufichi,
na magurudumu, nyasi zikiyaachia yaonekane,
humaliza ubishi,
au huuanza.

La tatu limetushinda tangu Februari.
Vioo vya ukungu, bomba fupi paani: jiko.
Lakini nyuma ya picha marehemu ameandika
*mlima wa Shap, Julai, thelathini na nne*,
na daftari la Oswin linasema jiko la namna hii
halikutoka karakanani hadi thelathini na sita.
Nani mwongo, penseli au daftari?
Muriel anaangalia shamba kando ya reli:
majani yamekatwa, yamelazwa yakauke.
Basi Julai ni Julai. Mwaka ndio mgeni.

Sikuwaambia kwa nini naliinamia behewa lile.
Dirisha moja limeshushwa,
mkono umetoka hadi kiwikoni,
umeshika beseni, umemwaga maji,
na maji yameganda hewani
hayajafika chini mpaka leo.

Mama aliosha sahani kwenye treni kama hii,
London hadi Glasgow, Glasgow hadi London.
Alirudi vidole vimekunyata,
ananuka sabuni na mchuzi wa watu,
akalala mchana kutwa nami nimekaa ngazini
nikijifunza kutovaa viatu.
Kazi hiyo aliianza thelathini na saba.

"Haiwezi kuwa thelathini na saba?" nauliza,
kama mtu anayeuliza saa.

Oswin anashusha kioo. Kimemwachia pete nyekundu.
Ananitazama kitambo,
mimi, si picha.
"Yawezekana," asema.
"Lakini yawezekana hainipi namba ya behewa."

Muriel anaandika kwenye kadi:
*3. Jiko. Mwaka haujulikani.*
Anachonga penseli, anaongeza alama ya kuuliza,
ndogo, kwa heshima.

"La nne," asema Oswin. "Madirisha mangapi?"
Nahesabu. Sita. Saba, na nusu ya la nane.
Nyuma nilirudi mara moja tu,
kuona kama maji yamefika.