Baki

Siku ya hitma, ubani bado unafuka chetezoni,
Ami Mbarouk alikunjua karatasi ya mirathi.
Mikarafuu arubaini, kule Mzambarauni.
Mjane mmoja, watoto wa kiume wawili, wa kike watatu.
Mafungu manane: mama mitano, sisi mitano mitano,
kaka zetu kumi kumi.
"Imetoka bila baki," akasema, akaikagua tena,
maana miaka thelathini alimwona Baba
akiwagawia watu wa Wete mashamba, minazi, vyumba vya nyumba,
na kila mara kilisalia kitu
cha watu kununiana.

Nikadhani alikusudia. Kwamba alituzaa kwa hesabu.
Mama akacheka, mara ya kwanza tangu maziko:
"Shaame huyu? Siku ya harusi yetu
walimtoa msitu wa Ngezi, kanzu ina matope,
kafuata popo."

Baskeli Ami hakuiandika.
Imeegemea ukuta wa jikoni, nyeusi, kengele imekufa,
tandiko limeshonwa kwa ngozi ya mbuzi wa Idi.

Juu ya keria ile, mikono yangu kiunoni mwake,
nilijua kwamba mlima haupandwi wote:
hupandwa nusu, kisha nusu ya uliobaki,
kisha nusu ya hiyo.
"Basi hatutafika, Baba?"
"Hisabati inasema tutakaribia.
Miguu inasema tumefika. Shuka, mtoto mzito we."

Jumapili gari ilituacha Makangale
naye alitupeleka Kigomasha mmoja mmoja, kwenda na kurudi,
watoto watano, mama, na kapu la mihogo,
akipanga nani asiachwe na nani,
kama chui, mbuzi na majani.
Mimi na Riziki tulikuwa chui wawili.
Kapu alilitanguliza.

Huko alilala chali nyasini, kofia usoni,
tukamdhania kasinzia, kumbe anafanya kazi.
Kazi yake sikuielewa hata nilipokuwa mkubwa.
Ilihusu namba tasa na masafa yaliyo kati yao.
Kurasa tisa za ithibati zililowa siku moja mvua ya vuli,
wino ukamwagika mfukoni mpaka pajani.
Mama ndiye aliyelia. Yeye alianika shati.
"Ilikuwa kweli kabla sijaiandika," akasema,
"itanisubiri."
Sijui kama alirudi kuichukua.

Nilikuwa na miaka tisa alipoipindua baskeli uani,
magurudumu juu, kama kobe.
"Meno arubaini na manne. Pingili mia na kumi na mbili."
Akatia alama jino moja kwa tupa,
akapaka pingili moja rangi ya kucha za mama.
"Sasa wameshikana mikono. Nikizungusha pedeli wataachana.
Watakutana lini tena?"
Nilisema kesho. Nilisema mia. Nilisema hawakutani.
Hakunipa jibu, akanipa pedeli.
Nilizungusha mpaka mkono ukanuka grisi,
na mzunguko wa ishirini na nane, hao,
jino na rangi nyekundu, kama waliotoka safari moja.
Akanibeba begani, akanitembeza mtaa mzima,
akimwambia hata Bi Chumu wa dukani, asiyejali:
"Kagundua! Mwenyewe!"

Usiku wa hitma, wageni wameondoka,
masufuria yamerundikwa kisimani,
nikaipindua baskeli.
Nikafuta grisi kwa kanga, pingili baada ya pingili,
nikaikuta: nyekundu imebaki chembe,
ndogo kuliko jicho la sisimizi.
Nikaiweka kwenye jino lake.
Nikazungusha.

Mama alitokea mlangoni na taa, hakuuliza.
Kumi. Kumi na tano. Mnyororo unakwaruza,
unataka mafuta.
Ishirini na sita.
Ishirini na saba.

Nikashika pedeli, nikaizuia.
"Mbona umeacha?" akasema mama.
Nikamwambia nimechoka.