Hukumu za Fundi Meno

Nachonga meno ya watu nisiowajua
katika chumba cha chini, Katowice, mtaa wa Załęże,
dirisha likitazama matairi tu na viatu.
Kazi hii haitaki maneno. Inataka nta, taa,
na visikizio masikioni.
Basi nimesikiliza. Miaka kumi na tisa.
Leo nasema.

Nianze na wale wanne wa Bytom,
albamu ya kwanza, yenye jalada la lifti ya mgodini.
Watu husema metali ni debe tupu.
Hili halikuwa tupu, lilijaa makaa hadi mdomoni.
Mpiga ngoma anakanyaga kwa miguu yote miwili
mpaka vifaa vyangu vinasogea mezani,
na mwimbaji hangurumi ili atutishe:
anakohoa kile alichokohoa baba yake.
Kwenye wimbo wa tatu mkono uliniruka,
nikaharibu chonge la mtu.
Nililichonga upya. Sikujuta.

Albamu ya pili? Walisifiwa, wakatia maji.
Fidla ishirini, kwaya ya watoto,
na mvua iliyorekodiwa.
Mvua! Kana kwamba hapa kwetu imeadimika.
Ya tatu ingali ndani ya nailoni yake, rafuni.
Tunaviziana.

Sasa Oktawia Sroka.
Bożydar, tunayegawana tanuri, ananidai niwe mkali:
pop, asema, ni chingamu,
sukari ikiisha unabaki na mpira.
Kweli. Lakini mimi ni fundi wa meno,
najua kutafuna ni nini.
Kiitikio chake kina maneno manne,
na la nne hulichelewesha nusu pumzi,
kama mtu aliyekwisha toka
akapapasa mfuko, akakosa funguo.
Nusu pumzi ile fidla ishirini hazikuipata.
Nyimbo saba nyingine ni za kujazia, tusidanganyane.
Moja inasifu likizo,
na sauti yenyewe yaonyesha haijapumzika hata siku moja.

Halafu kuna yule kijana wa Gliwice asiyetaja jina,
yeye na sinthesaiza yake.
Wimbo mmoja, dakika arobaini na moja.
Mara ya kwanza nilikagua waya.
Mara ya pili nikadhani ni friji ya jirani.
Mara ya nne, dakika ya ishirini na sita,
noti moja ilidondoka kama jino la mtoto:
kumbe muda wote ilikuwa ikilegea.
Nikampa sita kwa kumi. Subira pia ina bei.

Hivyo ndivyo daftari langu lilivyokuwa
mpaka mzee Alojz alipokuja kujaribu meno,
ya juu na ya chini, seti kamili.
Miaka thelathini na moja alishuka shimoni.
Nikamvika visikizio, nikamwekea wale wa Bytom,
nikitaraji machozi, nakiri.
Akasikiliza kwa adabu, kama mtu aliyealikwa chakula.
Akavua.
“Wamejitahidi,” akasema. “Lakini kule chini, mwanangu,
ikinguruma hivyo umeshakufa.”

Sijui kwa nini nilimwekea yule wa Gliwice.
Dakika kumi hakusogea.
Kidole chake kikawa kinafuata kitu juu ya goti,
polepole, kitu kinachoshuka.
“Huu,” akasema. “Huu ndio mvumo wa feni.
Ulipokuwepo, tulikuwa hai.
Tulichoogopa ni unyamaze.”

Nilifuta ile sita.
Sikuandika namba nyingine, kalamu ilikataa.
Wale wa Bytom sikuwapunguzia kitu:
kikohozi cha baba wanacho, wala hawakukiazima.

Kisha, kwa haki tu, nikamwekea Oktawia.
Neno la nne lilipochelewa alicheka ghafla,
meno mapya yakateleza,
na nikaona pale ninapopaswa kusugua,
kushoto, karibu na ufizi,
upana wa ukucha, si zaidi.