Kifaa Kingine

Akaunti ya muziki ni moja, tunailipia wawili,
yaani nailipia mimi, tangu mwaka ule Ahto aliposema,
"Eevi, nitakurudishia mwisho wa mwezi,"
na miezi yake ikawa haina mwisho.

Sharti la programu: akaunti moja, mdomo mmoja.
Akibonyeza yeye barabarani, nakatwa mimi jikoni
katikati ya ubeti, maji ya bomba yabaki kuimba peke yake,
na kioo cha simu kinanijulisha kwa adabu
kwamba muziki unachezwa kwenye kifaa kingine.

Kifaa kingine! Ndugu yangu huyo,
kilo mia na kumi, ndevu rangi ya shayiri,
ndani ya lori la mbao kutoka Tartu kwenda Kaunas,
theluji ikikatiza barabara kama mbuzi wasio na mchungaji.

Hatujasemezana tangu Machi.
Ni nyumba ya baba kule Võru. Nilitaka tuiuze,
yeye alitaka ibaki,
na paa, ambalo hatukuliuliza, likaamua kuanguka.
Alifuta namba yangu. Nikafuta yake.
Ramani hakuna aliyekumbuka kuifunga.
Au tulikumbuka, kila mtu akajitia kusahau.

Basi nukta yake ya buluu hutembea kiganjani mwangu.
Najua inaposimama kunywa kahawa, mpakani Ikla,
robo saa, na siku hizi nusu saa
(kuna mhudumu mpya?).
Najua Jumapili ya mama ilikaa makaburini saa mbili.
Mimi nilikwenda Jumamosi, nisije nikamkuta.
Nukta haisemi kama ilibeba maua.
Haikohoi. Haiombi radhi.

Nami ni nukta kwake, hilo nalo nilisahau:
Alhamisi tatu mfululizo, jengo lile lile la hospitali,
ghorofa ambayo ramani haiwezi kuitaja.

Usiku wa Jumanne nukta iliganda
mahali pasipo na jina, kusini ya Bauska.
Saa nane. Saa nane na nusu.
Nikabonyeza wimbo, wowote, ili anikate.
Hakunikata.
Wimbo ukaenda mpaka mwisho, na uliofuata, na wa tatu,
na sijawahi kuchukia wimbo kwa kufika mwisho.
Nikaweka polka yake, ile ya kodiani inayokoroma,
niliyomwambia mbele ya wageni kwamba ni kelele za mlevi.
Cheza, nikasema, cheza, mlevi wee, uibiwe.
Ikacheza yote.
Nikairudia. Nje, jembe la theluji lilipita likikwaruza mtaa.

Saa kumi na dakika sita: kimya.
Kifaa kingine.
Nilikaa sakafuni, aproni usoni.

Kisha nikamkata.
Akanikata.
Nikamkata tena, kwa nguvu, kidole kikauma,
kama zamani tukivutana blanketi moja
na baba akigonga ukuta: Nyie! Lalani!
Hatukuandikiana hata herufi.

Alhamisi nimetoka kwa daktari na bahasha mkononi,
sijaifungua, nimefungua ramani kwanza, mazoea mabaya,
nikaona nukta moja tu.
Nikadhani amenifungia.
Nikaipanua ramani kwa vidole viwili, nikapanua tena,
ndipo ile moja ikachanika, zikawa mbili.

Nikainua macho.
Lori zima la misonobari limeegeshwa pa magari ya wagonjwa,
mlinzi anapiga kelele, anapunga mikono,
na Ahto, dirisha wazi, hamsikii,
ameninyooshea waya uliochunika:
"Eevi. Una chaja?
Hii yangu inakufa kila mara njiani."