Majina Yote Uliyowahi Kutumia

Fomu inauliza majina yote niliyowahi kutumia.
Naandika Darlene Kowalczyk, la kuzaliwa,
ambalo walimu walilivuka kama dimbwi.
Naandika Darlene Pruitt, miaka ishirini na tisa.
Naandika Darlene Zárate, miezi kumi na minne,
jina ambalo bado nalisaini polepole
kama mtu mwenye kiatu kipya.

Hawakuuliza jina ambalo Eleuterio
huniita kwenye simu,
na hata wangeuliza
nisingelitoa kwa serikali.

Kisha: thibitisha kwamba ndoa ya kwanza ilikoma.
Ilikoma, bwana. Ilikoma Jumanne, wodi ya nne,
televisheni ya mgonjwa wa jirani ikipiga kelele za besiboli.
Lakini cheti nilicho nacho ni nakala ya nakala;
wao wanataka chenye muhuri
ambao kidole kikipita kinajikwaa.
Basi nikapanga foleni katikati ya Toledo,
theluji ya viatu vyetu ikiyeyuka juu ya mkeka,
nikalipa dola ishirini na tano
ili Leonard afe tena.
Karani alisema pole bila kuinua macho,
halafu: risiti unaihitaji?
Naihitaji. Siku hizi situpi risiti,
hata ya vitunguu.

Faili limekalia meza ya jikoni,
mimi hula nimesimama.
Humo mna tiketi za safari tatu za Oaxaca,
bili za simu kurasa sitini, usiku baada ya usiku,
na barua ya Rochelle, mpishi mwenzangu pale shuleni,
aliyeapa kwamba ananijua, kwamba nina akili timamu,
na kwamba "hapa hajanunuliwa mtu".
Wakili aliikata sentensi hiyo kwa kalamu.
Akataka picha thelathini, za majira tofauti.
Tunazo kumi na moja. Katika saba
Eleuterio amefumba macho.

Mlikutanaje? Eleza kwa ufupi.
Kanisa letu lilikwenda kuwajengea zahanati.
Tuliinua ukuta kwa sala nyingi, bila timazi.
Usiku fundi wa pale aliubomoa,
akaujenga upya kabla hatujaamka,
na asubuhi akatupa mkono mmoja mmoja, hongera, hongera.
Mimi ndiye niliyeona chokaa mbichi kwenye kope zake.
Wametoa mistari miwili.
Naandika: tulikutana kazini.

Wiki iliyopita alipanda basi, siku mbili,
hadi Ciudad Juárez, shati limepigwa pasi na dada yake,
na mashine ya alama za vidole ikamkataa.
Miaka arobaini ya saruji imemlamba ncha za vidole
hadi zikawa kokoto za mtoni.
Mara ya kwanza, ya pili, mkono wa kushoto, wa kulia:
hakuna mtu.
Wakamwambia arudi baada ya mwezi,
apake mafuta, asishike kazi.
Sasa fundi amekaa uani kwa dada yake,
mikono juu ya mapaja kama ya mgeni,
anangoja aote upya.

"Vipi?" namuuliza kila usiku.
Jana akacheka. "Dole gumba
limeanza kunikumbuka."

Subira huvuta heri, ndivyo wasemavyo.
Yangu hadi leo imevuta bahasha nne
na katalogi ya mbegu iliyomlenga jirani.
Nimemwachia upande wa dirisha kabatini,
vitundikio saba, vitupu,
vinavyogongana nikifungua mlango kwa haraka.

Kimebaki kisanduku kimoja. Wino mweusi tu, wameonya,
na usifute.
Je, kwa sasa unaishi na mwenzi wako?
Nimekikodolea macho tangu saa mbili,
chai imeweka utando.
Natia alama kwenye Hapana.
Kisha nazima taa, naenda kulala
upande wangu.