Pua ya Taisto

Homa ya Novemba ilipoondoka
iliondoka na pua ya mume wangu.
Si pua yenyewe; ile ingali pale, kubwa, nyekundu kwa baridi.
Iliondoka na kazi yake.

Taisto akaonja kahawa,
ileile nyeusi ya miaka arobaini na moja,
akakirudisha kikombe mezani taratibu
kama mtu aliyepewa chenji pungufu.
"Aune," akasema, "haya ni maji ya moto."

Huku Tornio jua la Desemba huchungulia karibu na adhuhuri
na saa nane limeshachoka.
Bila kahawa, mtu atajuaje kwamba kumekucha?

Nikaapa kimoyomoyo: nitaitafuta pua hii.

Nilianza na iliki, ile ya mikate mitamu ya Jumapili.
Punje tano, nikaziponda kwa mgongo wa kijiko,
nikazichanganya na kahawa kabla ya maji,
maana ukizitia baadaye huelea tu
kama wageni waliokosea harusi.
Nyumba nzima ikanukia. Paka akaja mbio.
Taisto akafungua gazeti.

Kisha ganda la chungwa, jembamba, bila ule weupe wake,
lililokaushwa juu ya jiko la kuni hadi likajikunja.
Kisha chumvi: chembe chache, hupunguza ukali.
Mkono ukaniteleza.
Siku hiyo mimi nilikunywa bahari,
yeye akaomba kikombe cha pili.

Gunvor wa ng'ambo ya mto, upande wa Waswidi,
akaniambia nivunje yai, na ganda lake, na yote,
nilikoroge na kahawa, nichemshe, nichuje.
Nilimwona punguani.
Lakini ilitoka angavu kama chai,
hata nikaliona ua lililochorwa chini ya kikombe,
ua ambalo nimeliosha kila siku bila kulitazama.
"Umepoteza yai," akasema Taisto.

Nikamtilia vipande vya jibini ya kuokwa,
kama mama yake alivyokuwa akifanya wakati wa kuvuna nyasi.
Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatabasamu.
Moyo ukaniruka.
"Inalia menoni," akasema, "kama zamani."
Sikio, basi. Sikio halikuwa na ugonjwa.

Usiku mmoja nilizika chupa ya kahawa thelujini.
Asubuhi imekuwa jiwe.
Nikaikwangua kwa uma, nikaimwagia krimu,
nikaila nimesimama dirishani, gizani,
na soksi zake za sufu miguuni mwangu,
nikicheka peke yangu.
Hiyo sikumpelekea.
Sijui ni tangu lini
nilikuwa nimeacha kumpikia yeye.

Februari, dada yangu Helvi akapiga simu
kunisimulia nyonga yake, kutoka mwanzo.
Birika nikalisahau motoni.
Tulikuwa bado kwa daktari wa pili
Taisto alipotokea kutoka sauna,
taulo kiunoni, mvuke ukimfuka mabegani kama farasi.
"Kuna kitu kinaungua."

Sikukimbilia jiko.
"Rudia," nikamwambia.
"Kinaungua, mwanamke! Kahawa!"
"Umejuaje?"

Akafungua mdomo. Akaufunga.
Tukasimama pale, birika likitoa moshi mweusi,
Helvi akiita halo, halo, ndani ya simu.
Macho yake yalilowa. Ni moshi, alisema,
na mimi sikubisha.

Siku hizi anataka ile yake, nyeusi, isiyoguswa na kitu,
nami nampikia bila kinyongo.
Pembeni nina kibirika cha manjano,
nilichokinunua mtumbani kwa euro mbili.
Leo nimetia karafuu moja, asali kidogo,
na jambo jingine ambalo sitalitaja.
Anakuja nyuma yangu. Ananusa begani.
"Umetia nini humo?"

Bashiri, namwambia.
Una pua.